Kubadilisha Karata Kwenye Ishirini na Moja: Wengi Wanateleza Baada ya Kubadilisha

Wateja wanaofuata karata dukani kwetu Kariakoo wanatuuliza sana kuhusu Blackjack Switch, aina ya ishirini na moja (mchezo wa kushindana na mgawaji kukaribia 21 bila kuivuka) aliyoibuni Geoff Hall. Unacheza mikono miwili yenye dau sawa, na unaruhusiwa kubadilishana karata za pili za mikono hiyo. Za kwanza haziguswi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mezani, tunaweka dau kwa kete za bao (pesa hatuchezeshi, tunauza karata na kufundisha tu). Mama mmoja wa Magomeni akagawiwa 10 na 6 kushoto, 5 na 10 kulia. Yaani 16 na 15, mikono mibovu yote miwili. Akabadilisha: kushoto ikawa 20, kulia 11. Safi kabisa! Mara akasogeza kete nyingine aongeze dau maradufu kwenye ile 11, na mgawaji ameonyesha 10. Nikamwambia, “Subiri kwanza mama.”

Kwenye ishirini na moja ya kawaida angekuwa sahihi. Huku, mgawaji akifika 22 hajaungua, ingawa amevuka 21: anatoka sare na kila mkono uliobaki mezani, isipokuwa blackjack uliyogawiwa papo hapo, yaani ree (karata ya A, inayohesabiwa 1 au 11) na karata ya thamani ya 10. Hiyo ndiyo bei ya ruhusa ya kubadilisha, na inakula faida ya kuongeza dau. Kwa hiyo 11 mbele ya 10 au ree, chukua karata tu. Mgawaji akionyesha 6, hapo ongeza bila wasiwasi.

Ree nayo inawachanganya watu. Ukiileta pamoja na mfalme (anahesabiwa 10) kwa kubadilisha, unahesabiwa 21 ya kawaida, si blackjack, kwa hiyo 22 ya mgawaji inakunyima ushindi. Hata blackjack halisi hulipwa dau kwa dau, si tatu kwa mbili kama kwenye mchezo wa kawaida. Bado, ukiwa na ree na 5 upande mmoja, 9 na mfalme upande wa pili, badilisha: 21 na 14 inaishinda 16 na 19, hata kama ile 14 inauma kuitazama.

Somo ni kila Jumamosi baada ya alasiri, bure kwa aliyenunua karata kwetu. Tunapokea wenye miaka 18 na kuendelea. Njoo na mwenzako, maana utaelewa kubadilisha haraka zaidi mtu anapokuuliza, “Kwa nini umeacha ile?”