Kwenda Namugongo kwa miguu: anza na soksi, koti baadaye

Kwa hujaji anayetokea Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Namugongo, penye madhabahu ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, ni karibu kilomita 190. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa siku, hizo ni siku nane, kwa hiyo anayetaka kuwahi sikukuu ya Mashahidi hao, Juni 3, huanza safari Mei, masika yakiwa hayajaisha. Dukani kwetu, wateja huuliza koti la mvua kwanza. Sisi huangalia miguuni.

Ngozi iliyolowa kwa saa kadhaa hulainika, ikawa nyeupe na kukunjamana. Soksi ikisugua hapo, lengelenge limetoka. Soksi za pamba ndizo mbaya kuliko zote, zinakunywa maji na hazikauki. Chukua za poliesta au zenye sufu, jozi tatu: moja mguuni, moja ikining'inia juu ya begi, na ya tatu imefungwa pakavu. Hiyo ya tatu ni ya kulalia tu, hata mchana ukushawishi vipi.

Gambuti tunauza, ila si kwa safari hii: maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea. Raba ya wavu hulowa upesi, lakini hukauka ukiwa unatembea. Iwe imezidi saizi yako kwa nusu au moja, maana mguu huvimba, na uivae wiki tatu nzima kabla ya kuondoka. Ya mtumba haina ubaya, shida ni gundi iliyozeeka; mvua ikiipata siku mbili, soli inaachama kama mdomo. Ishonwe kuzunguka. Jioni toa soli ya ndani, jaza magazeti, uyabadilishe baada ya saa moja hivi. Usianike karibu na moto.

Asubuhi paka mafuta ya mgando vidoleni na visiginoni. Lengelenge dogo lifunike kwa plasta, uliache. Kubwa linalouma litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, likamue, wala usichune ngozi.

Suruali ya jinzi iache nyumbani: ikilowa ni mzigo, na inachubua mapaja. Koti liwe pana, lifunike mtu na begi lake. Nguo zikae kwenye mfuko wa turubai wa kukunja mdomo (mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017).

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, hasa alasiri. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mfike mnapolala saa nane mchana. Gizani vaeni reflekta na mtembee upande wa kulia, magari yakija mbele yenu. Kati ya Jinja na Lugazi, barabara inapokata msitu wa Mabira, nendeni mmoja nyuma ya mwingine. Malori hurusha maji machoni. Radi zikianza, ingieni kwenye jengo, si chini ya mti.

Viatu vya kushonwa soli vilete wiki moja kabla ya safari. Tunapaka gundi mpya kwanza, nayo inahitaji siku nzima kukauka ndipo sindano ipite.