Kwa Maryamu, kabla sumu haijatiwa

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Maryamu,

Assalamu aleikum. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi latumaliza. Mama anakusalimu na kuuliza kama huko Pemba umeshajifunza kupika pweza au bado wamtafunisha mumeo mpira.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa shemeji yako, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema umesimama uani na mwiko unamtukana kipanga, naye yuko juu ya mnazi anamnyonyoa njiwa wako wa tatu bila haraka. Mara ya pili sikucheka. Nilifika pale mumeo anapotaka kumpaka njiwa mfu sumu na kumwacha juu ya banda. Ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu na stima yenyewe imekatika.

Walikumbuka paa letu, lile la saruji tulilokuwa tukichungulilia harusi za watu? Tangu mvua za vuli ziishe, kipanga ameufanya mlingoti wa antena ya jirani kuwa bucha lake. Huja baada ya alasiri na tetere kuchani, kwanza humnyonyoa, na manyoya yatushukia kama pamba ya msufi. Mama humwita mchinjaji asiyelipa kodi. Kazi ya kufagia ni yangu, bila shaka.

Basi siku moja kwenye ufagio likaja donge la kijivu, ukubwa wa tende, limesokotana manyoya. Si kinyesi. Ndege hawa wa kuwinda humeza vipande na mifupa yake midogo. Nyama huyeyuka tumboni, na yale yasiyoyeyuka, kama manyoya na kucha, hufumbatana yakawa donge, kisha ndege hulitapika. Unanijua, nilikuwa mwalimu wa bayolojia kabla sijafundisha. Nikalichambua kwa pini ya mtandio. Ndani mna mtama! Punje saba, nzima. Tangu lini kipanga akala mtama?

Mtama haukuwa wake. Jirani yetu, mzee mmoja mwenye imani na ndege, humwaga mtama kila alfajiri, na tetere, pugi na njiwa wote wa mtaa wapo hapo. Sasa tetere akidonoa, punje hukaa kwanza kwenye gole, kile kifuko cha kooni unachokitoa ukimtengeneza kuku. Kutoka hapo hushuka kwenye firigisi, na humo mna changarawe. Mbegu ikifika huko imesagwa, kwisha habari yake. Yaani hawa tetere na njiwa tunaowasifia upole, kwa mbegu ni wauaji wakubwa. Kipanga ndiye huikatiza safari ile. Akimnasa tetere gole lingali limejaa, mbegu zaingia kwenye tumbo lililoumbwa kuyeyusha nyama, si kusaga nafaka, na baadhi zapona. Mara nyingine halimezi gole lenyewe. Lapasuka wakati wa kunyonyoa, na mbegu zamwagika papo hapo alipokaa.

Nilizipanda zote saba kwenye kopo la maziwa ya unga. Tatu zikaota. Mbili paka amezilalia, moja sasa yanifika gotini, na mama anaimwagilia kwa siri, yeye aliyesema nimerukwa na akili kupanda matapishi.

Na usidhani ni mimi wa kwanza kuwa na wazimu huu. Charles Darwin, yule Mwingereza wa mageuzi ya viumbe, alilijaribu jambo hili na kuliandika katika kitabu chake cha 1859. Alieleza kwamba mbegu za ngano, mtama na hata katani (ndiyo, ile ile bangi) ziliota baada ya kukaa saa 12 hadi 21 matumboni mwa ndege wa kuwinda. Mbegu mbili za bitiruti zilikaa siku mbili na saa 14, nazo zikaota. Tena akachukua samaki wafu, akawashindilia mbegu, akawalisha tai wavuvi, korongo na wari, kisha akangoja kuona watatoa nini. Nampenda mtu huyu kwa hilo tu. Hebu fikiria mkewe alivyokuwa akiulizwa na wageni, bwana yuko wapi, naye ajibu yuko uani anachambua matapishi ya tai.

Kilichomkera Darwin ni visiwa: mimea ilivukaje bahari? Na wewe umeolewa kisiwani, Maryamu. Mkondo wa maji kati ya Pemba na bara una kina kirefu ajabu, na upana wake ni makumi ya kilomita. Mbegu nyingine zilielea, nyingine zililetwa na watu, karafuu ikiwemo. Lakini zipo zinazosafiri ndani ya ndege. Huko Visiwa vya Canary, mbali na pwani ya Moroko, kuna kozi ambaye hulea makinda wakati ndege wahamao wanapopita juu ya bahari, akawa anawadaka angani. Watafiti waliwapasua ndege waliokwisha kudakwa na kozi hao, wakakuta wachache wana mbegu tumboni. Wachache sana, lakini miaka ni mingi. Kwenye visiwa hivyo hivyo kuna mijusi wanaokula matunda, kipanga mdogo na mbwigu (ndege mdogo mwindaji) huwala mijusi, na mbegu hutolewa mahali ambapo mjusi kwa miguu yake asingefika.

Wewe una mmoja ambaye hahitaji hata kumpora mtu gole. Yule tai mweupe na mweusi mwenye uso mwekundu, anayekaa kwenye michikichi. Ni tai, lakini chakula chake kikubwa ni tunda la mchikichi. Hulikanyaga kwa mguu, akachuna nyama yake yenye mafuta, na kokwa ikaangukia alipotua. Akishiba mawese huenda ufukweni kutafuta kaa, kama Mpemba mwingine yeyote.

Nisitie chumvi lakini. Kazi kubwa ya kupanda miti hapo kwenu ni ya popo, wale wakubwa wa Kidike, na huku kwetu ni ya shore na popo: ndio waliojaza mwarobaini kila kiwanja kitupu, na mikuyu kwenye nyufa za kuta za Mji wa Kale. Fungu la kipanga ni dogo. Ila ni fungu la peke yake, mbegu ambazo zingesagwa, zikapelekwa mbali kuliko alivyozoea kuruka tetere, na kuangushwa chini ya mti mkavu ulio wazi ambapo jua linafika.

Njiwa wako sikuambii usiwalilie. Mwambie mumeo atandaze wavu wa kuvulia uliochakaa juu ya uwanja wa banda, upo mwingi hapo ufukweni, wala hautamgharimu. Sumu haichagui. Huyo njiwa aliyepakwa ataliwa na kunguru, ataliwa na paka wako mwenyewe, au ataokotwa na mtoto. Na kipanga akifa, ule mnazi ni mzuri mno kukaa tupu. Mwezi hauishi atakuja mwingine.

Nina ombi. Chini ya mnazi anaotua, na chini ya michikichi ikiwezekana, niokotee madonge matatu manne. Yaanike juani siku mbili, yatie kwenye bahasha ya kaki, umpe shemeji yako akirudi. Mwambie tu asiyaweke mfuko mmoja na halua ya mama.

Nduguyo,
Zuhura