Barua kwa mwanangu: majumba ya Berlin na ya kwetu Michenzani

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima huku Berlin, na mguu ulionisumbua umepoa kiasi cha kuniruhusu kutembea nusu siku nzima. Umeniandikia kwamba mwalimu wenu amewapa kazi ya kueleza majumba ya Michenzani, na kwamba wewe umekwisha kuamua kuyaita kosa la zege. Kabla hujaiwasilisha kazi hiyo, nataka ujue niliyoyaona nilipojiunga na kundi dogo lililotembezwa na mama mmoja aliyekulia Ujerumani Mashariki, kwa sababu majumba yetu yana undugu na mtaa aliotuonyesha.

Tulianzia Alexanderplatz, chini ya mnara wa televisheni uliofunguliwa mwaka 1969, tukaelekea mashariki kwa Karl-Marx-Allee. Sehemu ya kwanza ya barabara hiyo ni ya miaka ya 1960: majengo marefu yaliyonyooka, yaliyoungwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, yakiwa na nafasi pana katikati yake. Hapo nilisimama, kwa kuwa niliona kama nipo nyumbani. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara tu baada ya Mapinduzi ya 1964, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na baada ya muda mfupi wakaja wahandisi wao kujenga fleti za Kikwajuni na Kilimani, kisha ukachorwa mpango wa kuibomoa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na kuweka yale majumba marefu ya Michenzani unayoyajua. Mtembezaji wetu alifurahi sana niliposema hayo, ingawa wenzangu kundini walikuwa wakitaka kwenda kunywa kahawa.

Ukivuka Strausberger Platz mambo hubadilika. Majengo ya huko ni ya mwanzo wa miaka ya 1950, mtaa ulipokuwa ukiitwa Stalinallee, nayo yana nguzo, mapambo na vigae vya kauri, kwa kuwa dola ilitaka kuwapa wafanyakazi makasri. Ndani mlikuwa na lifti na maji ya moto, katika mji ambao vita viliuacha magofu. Hata hivyo, waliokuwa wakiyajenga ndio walioweka zana chini. Serikali iliwapandishia kiwango cha kazi walichotakiwa kumaliza kwa asilimia 10 bila kuwaongezea ujira, na tarehe 16 Juni 1953 mafundi wa mtaa huo wakaandamana. Kesho yake maandamano yalienea katika miji mingi ya nchi, yakazimwa kwa vifaru vya Kisovieti, na watu wasiopungua 50 wakauawa. Nilimkumbuka babu yako, aliyekwenda kubeba zege Michenzani katika kazi za kujitolea. Alikuwa akisema kwamba wengine walikwenda kwa mapenzi ya nchi, na wengine kwa kuogopa kuonekana kwamba hawakwenda, na kwamba alipokuwa kwenye foleni ya ndoo hakuweza kumjua yupi ni yupi.

Sanamu ya Stalin iliyosimama hapo iling'olewa usiku mmoja wa Novemba 1961, na jina la mtaa likabadilishwa. Miezi michache kabla, tarehe 13 Agosti, ukuta wa kuigawa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa.

Kutoka Frankfurter Tor tulipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U5, tukashuka Magdalenenstraße, palipokuwa na makao makuu ya Stasi, idara ya usalama wa siri ya Ujerumani Mashariki. Nilitarajia jengo la kutisha, nikakuta ofisi za kawaida kabisa, na hilo kwangu lilikuwa baya zaidi. Chumba cha Erich Mielke, aliyekuwa waziri wa idara hiyo tangu 1957 hadi 1989, kimeachwa kama kilivyokuwa, pamoja na mbao zake za ukutani na simu zake. Kuna kamera iliyofichwa ndani ya chombo cha kumwagilia maua, na kuna mitungi ya vioo waliyohifadhia vitambaa vyenye harufu za watu, ili mbwa waweze kuwafuata. Mwaka 1989 idara hiyo ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu milioni 16 hivi, mbali na majirani, wanafunzi wenza na hata wake na waume waliokuwa wakichongea kwa siri. Majalada yaliyobaki, yakipangwa kwenye rafu moja, yangefika kilomita 111. Sheria ya mwaka 1991 humruhusu mtu kuomba kusoma la kwake, na mama yule alituambia kwamba yeye hajaomba, wala hataki kuulizwa sababu.

Usidhani kwamba jengo hilo halituhusu. Washauri wa Ujerumani Mashariki waliokuja Unguja hawakuwa wahandisi na madaktari peke yao. Walikuwapo na wa usalama. Nchi iliyotupatia fleti zenye umeme na choo cha ndani ndiyo pia iliyotufundisha namna ya kumsikiliza jirani. Yule mama alikataa katakata kuchagua upande mmoja: fleti ya wazazi wake katika mtaa ule aliisifu kwa moyo wote, na papo hapo akatuonyesha dirisha ambalo walikatazwa kuzungumzia mbele yake. Naona ameeleza vizuri kuliko vitabu vingi.

Kwa hiyo nenda Michenzani na daftari. Waulize wazee waliohamia mwanzo nyumba zao za Ng'ambo zilibomolewaje, fleti walipewa kwa utaratibu gani, nani alipewa ghorofa ya chini na nani ya juu, na ngazi zilikuwaje kwa mtu mwenye mtungi wa maji siku pampu ilipoharibika. Kisha wasikilize wanapopunguza sauti, uandike ni katika swali lipi. Huku kuna majalada. Kwetu tunao wao tu, na wengi wamepita miaka themanini. Anza na bibi yako, lakini umwendee baada ya Alasiri, kwani asubuhi hapendi maswali.

Mama yako