Mnyororo ufungwe chini

Babati, Jumapili usiku

Ndugu yangu Juma,

Salaam nyingi. Huku wazima, mvua inasuasua tu, na mama Zawadi anakusalimu. Nisamehe kwa kimya changu tangu ule msiba. Naandika mbio maana Saidi anaondoka na basi la alfajiri, na yeye ndiye kaniletea habari iliyoninyima usingizi. Kasema mnasafisha shamba jipya, kijana wako anang'oa visiki kwa trekta, na mnyororo kaufunga juu, pale inapokaa topu linki, ule mkono wa juu wa kushikia jembe nyuma ya trekta. Kasema pia matairi ya mbele yalinyanyuka "kidogo tu" na vijana wakashangilia.

Juma, hiyo kidogo tu imeua watu wengi sana.

Unajua ninavyozipenda mashine za kale. Fordson, trekta ambalo Henry Ford alianza kulitoa kwa wingi mwaka 1917 kule Dearborn, Michigan, nalipenda kuliko yote. Matrekta mengi ya wakati ule yalikuwa na fremu nzito, injini imekalishwa juu yake kama gunia kwenye mkokoteni. Hili halikuwa na fremu. Kasha la injini, kasha la gia na kasha la ekseli, vyote chuma cha kusubu, vilifungwa kwa bolti vikawa ndiyo uti wa mgongo wenyewe. Unakumbuka tulivyolipasua trekta lako la Massey katikati kubadili klachi, nusu huku nusu kule, ukashika kichwa ukidhani nimeliua? Mtindo huo ndio wa Fordson. Kilo kama 1,200, nguvu farasi 20, unaliwasha kwa petroli, likishapata moto unalihamishia mafuta ya taa. Kufika 1922 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 395, na wakulima wengi wa Marekani wakaachana na farasi.

Ila lilikuwa fupi, jepesi mbele. Jembe likinasa kwenye mzizi, matairi ya nyuma yakagoma, injini haijui kwamba yamegoma. Inaendelea kusukuma gia, na kwa kuwa tairi halizunguki, kinachozunguka ni trekta lenyewe kuizunguka ekseli. Pua juu, dereva chini. Kufumba na kufumbua, mguu haujafika hata kwenye klachi.

Harry Ferguson, mtoto wa mkulima kutoka Ireland, aliutafutia dawa ugonjwa huu miaka mingi. Badala ya kulikokota jembe kwa mnyororo, alilishika kwa mikono miwili ya chini na mmoja wa juu. Jembe likizama ardhini linataka kuangukia mbele, basi linausukuma ule mkono wa juu, na msukumo huo unaigandamiza pua ya trekta chini. Mwaka 1938 walipeana mkono na Ford, mwaka uliofuata trekta lao likatoka, na mikono hiyo mitatu ndiyo iliyoko nyuma ya Massey lako leo.

Sasa nisikilize. Ule mkono wa juu uliwekwa pale ili usukumwe. Kijana wako anapavuta! Kaichukua dawa ya Ferguson kaigeuza kuwa sumu ileile ya Fordson, tena kwa kisiki, kitu kisichosogea kabisa.

Mnyororo ufungwe chini, kwenye kile chuma cha kuvutia trela, chini ya ekseli. Aachie klachi polepole, gia ndogo. Kisiki kichimbwe kwanza, mizizi ikatwe kwa shoka. Nakuomba kama ndugu, kesho asiwashe trekta kabla hujamwonyesha kwa mkono wako pa kufunga. Yule mtoto nimemfundisha mimi kubadili oili, nikimfikiria chini ya lile chuma… basi, niishie hapo.

Visiki vilivyobaki ni vingapi? Ni mikwaju au miti laini? Uzito wa mbele bado upo, au uliuuza ule mwaka wa njaa? Na chuma cha kuvutia kina pini yake, au mmeweka nondo? Kama pini hakuna, mwambie Saidi, ninayo moja kwenye boksi la spana, nitaituma Jumatano. Mama anaendeleaje na miguu?

Wako,
Fundi