Linux "imegoma" si swali

Mhariri,

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, wenye kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa wanashauriwa kila mahali wahamie Linux. Ushauri si mbaya. Kasoro ni kwamba mgeni haambiwi, akikwama, aulize vipi. Matokeo yake anauliza, "Linux imegoma, nifanyeje?" Hapo hata fundi aliyebobea hana pa kuanzia.

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo wa kuendesha kompyuta. Kilichomo kwenye kompyuta ni Ubuntu, Mint, Debian, Fedora au ndugu yao mwingine, na jibu hubadilika kulingana na jina hilo: anayetumia Ubuntu husakinisha programu kwa amri ya apt, wa Fedora kwa dnf. Asiyejua anatumia toleo gani afungue terminali (dirisha la kuandikia amri) aandike cat /etc/os-release, kisha anakili jibu lote.

Kosa kubwa zaidi, na wanaouliza kwa Kiswahili tunalifanya sana, ni kutafsiri ujumbe wa kosa. Mtu anaandika "imekataa kusakinisha". Imekataa kwa maneno gani? Ikiwa skrini imesema "Unable to locate package", huenda jina la programu limekosewa herufi au orodha ya programu haijasasishwa. Amri ya sudo apt update mara nyingi humaliza kazi (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi). Ikiwa imesema "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", hakuna kilichoharibika. Kuna programu nyingine inayosakinisha wakati huohuo, kwa kawaida masasisho yanayojiendesha yenyewe muda mfupi baada ya kuwasha kompyuta. Dawa yake ni kusubiri dakika kadhaa. Kwa Kiswahili makosa haya mawili yamegeuka sentensi moja, na msaidizi anabaki kupiga ramli. Ujumbe unakiliwe ulivyo, kwa maandishi, pamoja na amri iliyoutoa. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama na nusu ina mwanga wa taa, haisaidii sana.

Kuhusu hilo la kufuli (lock), wapo wanaomwambia mgeni alifute faili la lock-frontend kwa rm, amri ya kufuta. Wasisikilizwe. Kufuli limewekwa ili programu mbili zisiandike kwa pamoja kwenye kumbukumbu ya vifurushi, yaani programu zilivyofungashwa kwa kusakinishwa. Likiondolewa wakati kazi inaendelea, usakinishaji unaweza kuishia njiani na vifurushi vikabaki nusunusu.

Waifai isipoonekana, amri ya lspci -nnk huorodhesha vipande vya ndani ya mashine. Tafuta mstari wenye "Network controller". Ikiwa chini yake hakuna "Kernel driver in use", basi draiva (programu inayoendesha kifaa hicho) haijapatikana na hakuna haja ya kuhangaika na nywila ya ruta. Baadhi ya kadi za Broadcom zinajulikana kwa tabia hii. Lakini draiva utaipakuaje bila intaneti? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki mtandao kwa USB, na mara nyingi Linux itaichukua kama kadi ya mtandao ya kawaida. Kama kadi ni ya USB ya kuchomeka, tumia lsusb, kwa sababu lspci haitaionyesha.

Mengine yangezuilika kabla ya kusakinisha. Flashi ya GB 8 inatosha kwa matoleo mengi, ila faili la ISO (faili la kusakinishia mfumo) likaguliwe kwanza kwa amri ya sha256sum na herufi zilinganishwe na zile za tovuti rasmi. ISO iliyopakuliwa nusu huleta makosa ya ajabuajabu katikati ya kazi, na mtu hulaumu kompyuta. Kisha mfumo ujaribiwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski: sauti, waifai, kamera, kulala na kuamka.

Anayetaka kubaki na Windows pembeni azime Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa. Huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski, na Linux ikikuta sehemu ya diski yenye Windows ikiwa hivyo hukataa kuiandikia. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows) uandikwe mahali nje ya kompyuta hiyo kabla ya kugusa Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kompyuta inapowaka. Na kama kisakinishi hakioni diski kabisa, angalia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta): huenda kidhibiti cha diski kimewekwa katika hali ya RST au RAID badala ya AHCI. Usikibadilishe papo hapo, maana Windows isiyoandaliwa inaweza kushindwa kuwaka.

Kwa wasaidizi nina ombi. Amri yenye sudo isitupwe bila sentensi moja ya kueleza inafanya nini. Mgeni hajui kwamba kwenye mifumo mingi nywila haionekani akiiandika, hata nyota hazitokei, hivyo hudhani kibodi imekufa. Hilo nalo ni tatizo la kweli, hata kama linakuchekesha. Naye mgeni, likishatatuka, arudi aseme ni hatua ipi iliyofaulu, ili anayefuata asianze upya.

Gazeti lenu likichapisha tena ushauri wa kuhamia Linux, naomba liweke kando yake kisanduku kidogo chenye mambo manne: jina la toleo, aina ya kompyuta, amri iliyoandikwa, na ujumbe wa kosa usiotafsiriwa.

Fundi wa kompyuta, msomaji wenu