Wauza maiki Kariakoo, turuhusuni tuchomeke kwanza

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii siyo habari ya bajeti wala ya foleni ya Ubungo lakini inagusa vijana wengi kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi hapa Dar kila mtaa una mtu mwenye gitaa la mbao, la kanisani, la kuazima, la kununua kwa mtu aliyehama, na karibu wote wanataka kitu kimoja, wajirekodi nyumbani kwa saundi inayoeleweka bila kulipia studio. Wanadunduliza, wanashuka Kariakoo, wanarudi na boksi. Kurasa zenu za teknolojia kila wiki ni simu simu tu, kwa hiyo nimeamua niandike mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba maiki inunuliwe kwa kuangalia chumba unachokaa na kitu utakachoichomekea, siyo kwa uzuri wa boksi, na wauzaji waturuhusu kusikiliza kabla ya kutoa hela.

Chukua hii BM-800, wadau wote mnaijua, ile yenye mkono wa chuma wa kubana mezani, na kichujio cha duara cha kuzuia pumzi, na sponji juu, ukiipiga picha unaonekana una studio kabisa. Mara nyingi seti nzima haifiki laki. Sasa acha kuangalia mkono wa chuma, angalia waya. Upande mmoja una matundu matatu unaingia kwenye maiki, upande wa pili unaishia na kijeki kidogo kama cha hedifoni, na hapo ndo kasheshe linapoanza. Kijana akichomeka kwenye simu, simu haisomi, kwa sababu kijeki cha kuongea kwenye simu kinatakiwa kiwe na vile vijimistari vyeusi vitatu na hiki kina viwili. Anahamia kwenye laptopu yenye tundu lake la maiki, inasoma, ila gitaa linasikika kama lipo chumba cha pili, akiongeza sauti inapanda pamoja na shhhhh ya kutosha. Anaanza kusema maiki mbovu. Wala siyo mbovu kivile, ni kwamba hii ni kondensa, na maiki za kondensa zinakula umeme, za studio zinataka volti 48 kutoka kwenye mikisa au ile saundi kadi ya nje ambayo maprodyuza wanaiita intafesi, na tundu la laptopu linatoa volti chache tu. Hilo hakuna aliyemwambia dukani.

Nilikuwepo duka moja, jina naliacha, dogo kauliza kaka hii inafaa gitaa? Muuzaji bila hata kunyanyua macho kwenye simu yake, "Hii studio kabisa, wasanii wote wanatumia hii." Dogo akaomba ichomekwe asikie. "Boksi likifunguliwa umenunua mdogo wangu." Na risiti ukipewa imegongwa muhuri mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa hapo mtu ananunua maiki au anacheza bahati nasibu?

Halafu kuna feki. Maiki ya Shure SM57 ipo sokoni tangu 1965, ndo hizo mnaziona zimesimama mbele ya rais wa Marekani akihutubia, na kule kwao inauzwa karibu dola 100. Kwa hiyo ukiambiwa hapa Dar ni elfu arobaini mpya kabisa ndani ya boksi, hata usiulize kwa nini, endelea na safari yako. Halisi ina uzito wa gramu 284 bila waya, beba kale kamizani kadogo ka jikoni uwachekeshe, ukikuta imepungua sana mrudishie kabla hujalipa. Siyo kinga ya asilimia mia maana wajanja nao wameshaanza kuongeza uzito, lakini inachuja nyingi. Na SM57 haina swichi ya kuwasha na kuzima, ukiiona ina swichi pembeni umeshapata jibu. Tume ya Ushindani huwa tunawasikia wakikamata bidhaa feki, siku moja wapitie na kwenye meza za maiki.

Twende kwenye kitu kinachoniuma zaidi, ushauri wa mitaani. Utasikia "nyumbani kwako kuna kelele, chukua dainamiki, haivuti kelele". Dainamiki ni zile maiki zisizohitaji kulishwa umeme, kama hiyo SM57. Watu wanarudia ushauri huu kila siku na ni nusu kweli. Dainamiki haina akili ya kujua hii ni gitaa na hii ni bodaboda. Inaonekana haivuti kelele kwa sababu mara nyingi mtu anaiimbia imegusa mdomo, chanzo kipo karibu, sauti ndogo inatosha. Sasa gitaa la mbao huwezi kulimeza, unakaa nalo sentimita 20 au 30, na likipigwa kwa vidole taratibu linatoa sauti ndogo, inabidi ufungulie mikisa mpaka mwisho, na ukifungulia bodaboda nayo inaingia vizuri tu. Juu ya hapo unapata ile shhhhh ya intafesi ya bei rahisi. Angalia takwimu za usikivu za kampuni zenyewe, namba ikikaribia sifuri ndo maiki inasikia zaidi, SM57 wanaandika desibeli -56, Audio-Technica AT2020 ambayo ni kondensa wanaandika -37, kwa sauti ile ile AT2020 inatoa umeme wa saundi kwenye waya karibu mara tisa ya SM57. Kwa mtu anayekwangua gitaa kwa nguvu, mapambio ya kanisani hivi, SM57 halisi iko poa kabisa. Kwa mtu wa vidole na intafesi ya bei ya chini mimi namwambia achukue kondensa, na bei zao kule nje hazipishani sana.

Kelele sasa inazuiwa na nini? Inazuiwa na mgongo wa maiki. Nyingi kati ya hizi za bei yetu zinasikia mbele, pembeni kidogo, nyuma ni kama viziwi. Watu wanahangaika maiki iangalie wapi, wanasahau kujiuliza mgongo unaangalia wapi. Kaa chumbani kwako usikilize kelele inatokea upande gani, kwenye nyumba zetu za kupanga mara nyingi ni dirishani au mlango wa koridoni, basi mgongo wa maiki uelekee huko na wewe ukae upande wa pili ukiangalia dirisha, nyuma yako uweke godoro limesimama au kabati la nguo lililo wazi ili maiki isisikie ukuta. Feni zima, ndiyo utatoka jasho, hakuna namna. Pampu ya simtanki, friji la mwenye nyumba, baiskeli ya askirimu na wimbo wake ule ule, hivyo vyote vina saa zake, ukivisoma unapata nafasi, mimi napenda saa kumi alfajiri kabla mji haujaamka. Wikiendi kukiwa na kigodoro mtaani lala tu. Na mvua ikianza juu ya bati hakuna maiki duniani itakayokusaidia.

Kosa lingine nimeliona kwa watu wengi hata wanaojiita maprodyuza, BM-800 na AT2020 na zile za USB kama Fifine K669 hazisikii kwa kichwani kama maiki ya MC wa harusi, zinasikia kwa ubavu. Mtu ameilaza kichwa kimeelekea gitaa halafu analalamika saundi nzito imeziba. Isimamishe wima, ubavu wa mbele uangalie gitaa, kwenye AT2020 ni ule wenye nembo. Halafu usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, si ndo sauti inatokea? Tundu linapuliza besi, uvumi mzito wa karibu hezi 100 (hezi ni kipimo cha sauti, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito), na hizi maiki zinazosikia upande mmoja zina tabia kwamba ukizisogelea zinaongeza besi zenyewe, ukijumlisha unapata bumbum tupu. Elekeza pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vya kwenye shingo), halafu mtu mwingine aisogeze polepole wewe ukiwa na hedifoni. Kuisogeza upana wa kiganja tu kunabadilisha saundi kuliko kuongeza laki kwenye bei ya maiki, jaribuni mnitafute.

Asiye na hela kabisa nina jibu lake na wengi watanicheka. Boya BY-M1, hii ya kubana kwenye shati, yenye waya wa mita sita, waandishi wenu Mhariri wanazo. Inasikia pande zote, na kwa sababu inasikia pande zote haina ile tabia ya kuongeza besi ukiisogeza karibu, kwa hiyo unaweza kuibana kwenye mfuko wa shati juu ya ukingo wa gitaa au kuiteremsha kutoka kwenye stendi sentimita 10 tu kutoka kwenye nyuzi, na ukaribu huo ndo unaoshinda kelele ya nje. Kijeki chake kina vijimistari vitatu, simu inasoma (simu mpya ambazo hazina tundu utanunua kiadapta cha USB-C). Kampuni inasema inashuka mpaka hezi 65, na waya mnene wa gitaa ukifungwa kawaida ni kama hezi 82, kwa hiyo hakuna noti itakayobaki nje. Haitakupa saundi ya studio kubwa. Itakupa demo ambayo mtu akiisikiliza anasikia wimbo, na kwa kuanzia inatosha. Ila siyo zile zisizo na waya zinazouzwa kila kona, vile viwili kwenye kikopo. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu kuongea, zina mashine ya kufuta kelele ndani, na mkia wa noti ya gitaa unapofifia zenyewe zinadhani ni kelele, zinaukata. Matokeo yake gitaa linakatika katika, mpigaji anajilaumu bure vidole vyake.

Unyevu pia msiusahau, Dar siyo Iringa. Kondensa ikilala wazi mezani kipindi cha masika inaanza kuchachatika yenyewe hata hujaigusa. Ukimaliza irudishe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, basi. Dainamiki haina shida hiyo, na huu ndo uzuri wake wa kweli kwa watu wa Kigamboni na wa ufukweni.

Wauzaji sasa, maana najua mnasoma gazeti hili chai ikipoa. Hatuombi mtushushie bei. Tunaomba kila duka liwe na intafesi moja na hedifoni moja juu ya kaunta, ya mitumba hata, Behringer UM2 ile ndogo inatosha kabisa na ina hizo volti 48, na maiki moja ya kila aina iwe imefunguliwa kwa ajili ya kusikilizwa. Wauza spika mnatupigia muziki mpaka barabarani ili tununue, kwenye maiki mnaogopa nini? Na kwenye boksi bandikeni karatasi moja tu, hii inataka volti 48, hii inaingia kwenye simu, hii haiingii. Nyie wenyewe mtapunguza watu wanaorudi kugombana kaunta siku ya pili.

Mhariri, kama una mwandishi wa burudani ambaye hana kazi Jumamosi, mtume azunguke maduka kadhaa na gitaa mgongoni aombe kusikiliza maiki kabla ya kununua, halafu achapishe alichojibiwa.

Mpiga gitaa,
Tabata, Dar es Salaam