Harambee ya Vipimo vya Chuma Mwilini kwa Vijana Wetu, Newala

Wazazi, walezi, walimu na wana Newala mlioko mbali, salaam.

Kamati ya wazazi wa sekondari yetu inaomba mchango kwa ajili ya binti yetu wa kidato cha tano na wadogo zake watatu. Wazazi wake wameridhia tuieleze hali yake bila kumtaja jina.

Alianza kwa uchovu. Hedhi ikakata, vidole vikawa vinauma kwenye viungo, na sasa moyo umedhoofika. Mtaani yalisemwa mengi, mimba na hata kurogwa, na maneno hayo yalimuumiza kuliko vidole. Vipimo vimeonyesha mwili wake umejaa madini ya chuma. Ni hemokromatosisi ya ujana, ugonjwa adimu wa kurithi kwa baba na mama, ambao kwa kawaida hujitokeza kabla ya miaka 30. Ini huzalisha hepsidini, homoni inayozuia utumbo kunyonya chuma kupita kiasi. Kwake haitoshi. Na kwa kuwa mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, hurundikana kwenye ini, kongosho, tezi na moyo.

Huku kwetu kijana akichoka tunasema hana damu, na mara nyingi ni kweli: malaria, safura na selimundu tunazijua. Vidonge vya kuongeza damu vinaokoa wengi, asiviache mtu kwa sababu ya tangazo hili. Ila kijana asiyebalehe kwa wakati wake, au mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari usioeleweka, tumwombe daktari ampime feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, na kiwango cha chuma kinachobebwa na transferini, protini inayokisafirisha kwenye damu.

Tiba ipo: kutolewa damu, mwanzoni kila wiki, kwani nusu lita huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Binti yetu atahitaji na dawa, kwa ajili ya moyo. Wadogo zake, kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa na ugonjwa huu. Wakigundulika mapema, viungo vyao vitasalimika. Hao ndio wanaotunyima usingizi.

Fedha ni za vipimo, nauli na malazi ya Dar es Salaam. Malipo ya mnada yakishaingia, tunaomba kila kaya itoe thamani ya kilo mbili za korosho ghafi, mwenye zaidi aongeze. Mlioko mbali, tumeni kupitia mzazi mnayemfahamu shuleni. Tutapokea Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisi ya walimu, na hesabu zitabandikwa ubaoni. Kitakachobaki kitalipia vipimo vya wanafunzi wengine watakaoandikiwa na daktari.